GITAA LA BESI LILILOKWISHA TUMIKA
Tazama shingo kabla ya rangi

Ndugu msomaji, huenda siku moja kijana wako atarudi nyumbani jioni, wala hatakwenda moja kwa moja jikoni kuuliza chakula kama ilivyo desturi yake. Atakaa karibu nawe kimya. Atayasifu mahindi yako, kisha atauliza habari za mbuzi. Wewe mzazi wajua maana yake: kijana anataka fedha. Ukimwuliza za nini, atakuambia kwamba mjini yuko mtu anayeuza gitaa la besi. Limekwisha tumika, lakini ati ni zima kabisa, na bei yake ni ya kutupa, ila sharti lilipwe kabla ya Jumamosi.

Au pengine si kijana wako, bali ni kwaya ya kigango chenu. Mwalimu wa kwaya amesimama baada ya Misa, akaomba kila nyumba itoe debe la mahindi ili kwaya ipate besi.

Usikatae upesi, wala usikubali upesi. Gitaa kuukuu laweza kuwa mali njema kupita jipya la bei hiyo hiyo. Laweza pia kuwa kuni ghali kuliko zote zilizopata kuingia nyumbani mwako. Mimi nimenunua ya namna zote mbili, na kwa hiyo naandika.

GITAA LA BESI NI KITU GANI?

Magitaa ya kawaida yana nyuzi sita. Besi kwa desturi ina nyuzi nne, nene, nazo hulia chini sana, kama sauti ya wazee wa kwaya wanaosimama mstari wa nyuma. Kazi yake si kuimba wimbo, bali kuushika wimbo usianguke. Mtu asiyejua muziki huenda asiisikie kabisa. Lakini iondoe, naye atauliza mara moja kwa nini nyimbo zimekonda.

Zamani sauti hii ilipigwa kwa chombo kikubwa cha mti chenye urefu kupita mtu, kilichosimamishwa sakafuni. Kukipakia juu ya basi ilikuwa taabu. Mwaka 1951 huko California, Marekani, Leo Fender, aliyepata kuwa fundi wa redio, akatoa gitaa la besi la kuvaliwa begani, lenye mbao bapa isiyo na uwazi ndani, la kutumia umeme. Aliliita Precision, maana vile vyuma vilivyolala kukatiza shingo, ambavyo wapigaji huviita freti, vilimsaidia mtu kupata sauti sawasawa pasipo kubahatisha. Mwenyewe hakuwa mpigaji wa besi. Alikuwa mtu wa misumari, nyaya na lehemu, na kwa sababu hiyo alitengeneza kitu ambacho fundi aweza kukifungua kwa bisibisi na kukifunga tena. Shingo imeshikwa kwa skrubu nne. Nyaya za ndani ni chache. Magitaa mengi ya besi utakayoyakuta mjini leo, hata ya bei ndogo, yamefuata mtindo huo huo, na hii ndiyo neema ya mnunuzi maskini.

KOSA LANGU

Mwaka 2013 kwaya yetu ilitaka besi. Tulimwomba ruhusa paroko kwanza, maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 120, ulikiheshimu sana kinanda cha filimbi, na vyombo vingine ukaviruhusu kwa idhini ya wakubwa wa Kanisa wa mahali, vikifaa kwa ibada. Paroko akakubali. Wanakwaya wakaenda kupalilia mashamba ya watu kwa ujira, majuma mawili, mvua ikinyesha. Tukapata shilingi 320,000. Mimi nikatumwa mjini kwa kuwa najua kupapasa kinanda kidogo. Watu wakadhani ajuaye kimoja ajua vyote. Nami sikuwakatalia.

Dukani nilionyeshwa gitaa jekundu linalong'aa kama tofaa. Muuzaji akalichomeka kwenye spika kubwa, akapiga mwenyewe, akipita karibu na kichwa cha shingo tu, na sauti ikatikisa vioo. Mimi sikuligusa hata mara moja. Niliona haya, maana nilihofu kuonekana mshamba. Nikalipa, nikaondoka, sikuomba hata stakabadhi.

Nyumbani tukaona mambo. Uzi mwembamba ulilia vizuri, bali uzi mnene, kuanzia katikati ya shingo, ulikoroma kama mtu mwenye mafua. Tuliinua nyuzi, ukoromaji ukapungua, lakini sasa vidole vya mpigaji vilikuwa vinauma kwa kukandamiza. Tulizishusha, ukoromaji ukarudi. Mwisho nikalipeleka kwa seremala wa kijijini, ambaye hajapata kushika gitaa maisha yake yote. Akaondoa nyuzi, akalaza vipande viwili vya ubao ulionyooka juu ya shingo, kimoja huku na kimoja kule, akainama na kufumba jicho moja. Akasema, "Mwalimu, hii imejipinda kama ubao uliokaushwa juani." Dakika mbili hazikupita.

Nilirudi dukani. Nikaambiwa mali ikiuzwa haipokelewi tena, na sikuwa na karatasi ya kuonyesha. Mama mmoja wa sauti ya pili, aliyepalilia siku zote bila kukosa, hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ile sauti tuliyoilimia itasikika lini?" Afadhali angalinitukana.

SHINGO

Basi, ndugu, ukiwa dukani au nyumbani kwa mtu, usitazame rangi. Rangi haina sauti. Anza na shingo, maana karibu kila kitu kingine katika gitaa la besi chaweza kununuliwa au kutengenezwa kwa fedha kidogo. Shingo iliyojipinda, gharama ya kuinyosha yaweza kupita bei ya gitaa lenyewe.

Fahamu kwanza mzigo inaoubeba. Nyuzi nne za besi zikikazwa sawasawa huivuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, usiku na mchana. Ni kama kumning'iniza mtu mzima kwenye kipande cha mbao chenye upana wa vidole vitatu. Ndiyo sababu waundaji huweka ndani ya shingo ufito wa chuma, wenye nati upande mmoja, wa kuizuia isiinamie mbele. Nati hiyo utaiona ama kwenye kichwa, penye kifuniko kidogo cha plastiki, ama chini pale shingo inapoingia kwenye kiwiliwili. Magitaa mengine yamefichwa nati hiyo hata sharti uifungue shingo ndipo uione.

Sasa lishike gitaa kama mtu anayelenga bunduki, kichwa chake kikiwa karibu na jicho lako, ukatazame kuelekea chini. Tazama freti ya kwanza na freti ya mwisho. Zapaswa kulala sawa kama ngazi nzuri. Ikiwa moja imeinama kulia na nyingine kushoto, shingo imejipinda, na hilo ndilo jambo lililonipata. Shukuru, mrudishie mwenyewe, nenda zako. Usisikilize habari ya punguzo.

Kuinama si sawa na kujipinda. Kuinama kwa mbele ni ugonjwa wenye dawa. Bonyeza uzi mmoja kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine uubonyeze pale shingo inapokutana na kiwiliwili. Uzi uliokazwa ni rula iliyonyooka kupita rula ya shule. Sasa tazama katikati, penye freti ya saba: pana nafasi gani kati ya uzi na chuma? Nafasi ndogo yatakiwa, yapata unene wa kadi ya mwaliko wa harusi, kama milimita 0.3. Ikipita kadi mbili tatu, shingo imeinamia mbele. Pasipokuwa na nafasi hata kidogo, nayo nyuzi zinakoroma karibu na kichwa, shingo imerudi nyuma.

Dawa yake ni ile nati. Hutumika ufunguo wa pembe sita uliokunjwa kama herufi L; mafundi wa baiskeli na pikipiki wanao. Kuzungusha kuelekea mkono wa saa huinyosha shingo iliyoinamia mbele; kuzungusha kinyume huilegeza. Lakini sikia neno hili vizuri: legeza nyuzi kwanza, zungusha robo ya mzunguko tu, kaza nyuzi tena, upime. Kama bado, ongeza robo nyingine kesho, maana mti haufanyi haraka. Nati ikikataa usiilazimishe. Ufito ukikatika ndani ya shingo umeharibu hata kile kilichokuwa kizima.

Kwa hiyo kabla ya kununua, mwombe muuzaji aijaribu nati mbele yako, hata kwa kiasi kidogo sana. Akisema, "Hiyo haiguswi," basi pengine ajua kwamba haizunguki tena. Na ukiona pembe za ndani za tundu la nati zimelika zikawa duara, ufunguo hautashika. Hapo pia uende zako.

Freti zenyewe zikaguliwe. Chini ya nyuzi utaona vijishimo vilivyochimbwa na miaka ya kupigwa. Vidogo si neno. Vikiwa virefu hata ukucha unanasa, nyuzi zitakoroma, na kazi ya kuzisugua zote zilingane ni ya fundi mwenye mkono uliotulia, si ya kujifunzia. Pitisha kiganja ubavuni mwa shingo toka juu hadi chini. Ncha za freti zikikukwaruza, mti umekauka na kusinyaa. Hiyo ni kazi ya tupa ndogo na jioni moja tu, bali iseme kwa sauti mbele ya muuzaji. Yafaa kwa kupunguza bei.

KIPIMO CHA UREFU

Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima toka kidaraja cha juu, pale nyuzi zinapoanzia, hadi freti ya kumi na mbili. Ukipata kama sentimita 43, hilo ni gitaa la urefu wa kawaida, yaani sentimita 86 toka mwanzo hata daraja la chini. Ukipata kama sentimita 38, ni fupi. Fupi si baya. Kwa kijana mdogo au mama mwenye mkono mdogo ni rahisi zaidi. Ila nyuzi zake hazipatikani kila duka, nawe usidanganywe kwamba zote ni sawa.

Katika freti hiyo hiyo ya kumi na mbili kuna jaribio jingine. Piga uzi wazi, kisha ubonyeze freti ya kumi na mbili upige tena. Sauti yapaswa kupanda toka do ya chini hata do ya juu barabara. Ikiwa do ya juu imepita kiasi, kile kipande kidogo cha daraja kinachobeba uzi kirudishwe nyuma, mbali na shingo. Ikiwa haikufika, kisogezwe mbele. Ni kazi ya bisibisi, wala haipunguzi thamani ya gitaa. Siku hizi simu nyingi zina programu ya kupimia sauti, lakini sikio la mwanakwaya wa miaka kumi halina haja yake.

Geuza vigingi vyote vinne vya kukazia nyuzi. Kinachoteleza au kuzunguka bure sharti kibadilishwe. Hili nalo ni dogo.

LILE LILILONYAMAZA

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo watu wengi huiogopa bure, nayo ni umeme wa ndani. Wauzaji hutupa kwa bei ya chini magitaa yasiyolia, kwa kudhani yamekufa. Mengi yamelala tu.

Gitaa la pili nilikuta mwaka 2015 kwa mtu aliyekuwa akihama. Lilikuwa jeusi, limechubuka, pembe moja imeliwa kama na panya, na halikutoa sauti hata ya nzi. Alitaka shilingi 90,000. Safari hii sikuona haya. Nililenga shingo kama bunduki mbele ya watoto wake waliokuwa wakicheka, ilikuwa imenyooka. Niliomba ufunguo, nati ikazunguka kama mpya. Nikampa shilingi 70,000, tukaandikiana karatasi, jirani akatia sahihi ya ushahidi.

Ndani ya gitaa la besi la kawaida umeme wake ni mdogo sana, hauwezi kumdhuru mtu. Chini ya nyuzi mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi ukitikisika juu ya sumaku huzaa umeme kidogo, nao hupita katika vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti, ukatoka kwa tundu la waya kwenda kwenye amplifaya. Wapigaji huziita sumaku hizo pikapu, jina lile lile la motokaa ya mizigo, nami nilipomwambia mke wangu kwamba pikapu ya besi ni nzima, alifikiri tumepata usafiri wa kwenda mnadani.

Basi, pale panapovunjika mara nyingi ni kwenye tundu la waya, maana huko ndiko watu huvuta na kukanyaga. Nati ya tundu hulegea, tundu lote huzunguka, na waya wa ndani hukatika. Fundi redio wa sokoni kwetu alifungua skrubu chache, akaona waya unaning'inia, akaugusa kwa chuma cha moto na lehemu kidogo. Alitoza shilingi 2,000. Gitaa likanguruma, na yule mama wa sauti ya pili alikuwapo.

Ukitaka kujua kama pikapu zi hai kabla ya kununua, chomeka gitaa kwenye amplifaya, fungulia sauti kidogo, kisha gusa polepole vichwa vya sumaku kwa ncha ya bisibisi. Ukisikia mgongo wa spika ukigonga, ko, ko, basi i hai. Pasipo amplifaya, fundi redio mwenye mita aweza kupima: pikapu nyingi za kawaida zitaonyesha kati ya omu elfu tano na elfu kumi na tano. Mita isipoonyesha njia kabisa, ule waya mwembamba umekatika ndani, na hapo utahitaji pikapu nyingine.

Vitufe vinavyokwaruza unapovizungusha, kra kra kra, vimeingia vumbi tu. Dawa ya kupuliza ya kusafishia vyombo vya umeme, tone moja ndani, ukizungusha huku na huku mara ishirini, yatosha mara nyingi. Usitie mafuta ya kula, kama alivyofanya jamaa yangu mmoja. Siafu walikuja kuliko wasikilizaji.

Magitaa mengine yana betri ya mraba ya volti 9 mgongoni. Likinyamaza, badili betri kwanza kabla ya kumlaumu mtu. Na wenye magitaa hayo wakumbuke kuchomoa waya kila baada ya kupiga, maana waya ukiwa umechomekwa betri hulika hata kama gitaa limetundikwa ukutani.

Kuhusu kuunguruma: amplifaya ikiunguruma kidogo, nawe ukigusa nyuzi ungurumo ukapungua, usihangaike, ndivyo yalivyo magitaa mengi. Ukigusa na usibadilike, huenda waya mwembamba unaotoka chini ya daraja umekatika. Ni lehemu tena.

Lakini ukigusa nyuzi ukasikia mwasho au mtetemo wa umeme mkononi, acha kila kitu, zima jenereta au chomoa amplifaya ukutani upesi. Kosa hilo si la gitaa. Amplifaya ni mbovu, au mahali hapo hapana waya wa ardhi, nao umeme wa nyumba unatafuta njia kupitia mwili wako. Na mpigaji aliyeshika nyuzi kwa mkono, midomo ikigusa kipaza sauti cha chuma, yuko hatarini kufa. Wapigaji wamekufa hivyo katika nchi mbalimbali. Asipige tena hapo mpaka fundi wa umeme amekagua, hata kama bwana harusi yuko mlangoni.

AMPLIFAYA IHESABIWE KABISA

Watu husahau jambo hili. Besi isiyo na amplifaya ni kama redio isiyo na betri. Usidhani utaichomeka kwenye redio ya sebuleni: spika ndogo haikuundwa kwa pigo la uzi mnene, itapasuka karatasi yake, na hapo utakuwa umeharibu viwili. Vile vipaza sauti vya pembe vinavyofungwa juu ya miti siku ya sherehe navyo havifai. Hupeleka neno la mhubiri mbali, ila sauti ya chini huimeza yote. Yatakiwa spika pana, katika sanduku la mbao. Kwa hiyo ukiwa na shilingi 300,000, usizimalize zote kwa gitaa.

Tena usinunue kwa picha ya simu. Picha haionyeshi shingo. Usiamini sana jina lililoandikwa kichwani, kwa kuwa kibandiko hununuliwa. Majina kama Yamaha, Ibanez, Cort, na Squier, ambalo ni tawi la bei nafuu la kampuni ya Fender tangu 1982, yamewafaa watu wengi wenye fedha kidogo. Lakini gitaa lisilo na jina lenye shingo iliyonyooka ni bora kuliko lenye jina kuu lililojipinda. Na umwulize muuzaji alilipata wapi. Akijibu kwa kuzungukazunguka, na bei ni ndogo mno, fikiri kwamba pengine iko kwaya fulani inayolitafuta gitaa lake. Daka karatasi yenye jina na sahihi.

NYUZI

Limebaki shauri la nyuzi. Nyuzi za besi ni ghali, na gitaa lililokaa miaka halina nyuzi njema: zimejaa jasho na uchafu, sauti yake imefifia kama ngoma iliyolowa. Ukiweza, nunua mpya. Usipoweza, iko njia ya wapigaji wa zamani. Zitoe nyuzi moja moja, usizitoe zote kwa siku nyingi shingo ikabaki bila mvuto. Zikunje duara pana, uzichemshe kwa maji safi yapata dakika kumi, uzipanguse kwa kitambaa, uzianike juani hata zikauke kabisa, maana zikibaki na maji zitaota kutu. Zitakapofungwa tena zitalia karibu kama mpya kwa majuma machache. Waweza kufanya hivyo mara mbili tatu, kisha huchoka na kukatika.

Lile gitaa jekundu hatukulitupa. Tuliling'oa vigingi, pikapu na daraja, tukavitia vile vizuri katika jeusi, na kiwiliwili chake kinangoja shingo nyingine. Jeusi ndilo linalopigwa hata sasa, kila Jumapili ya pili na ya nne. Tumelifunga kamba ya mkoba wa shule mahali pa mkanda. Nyuzi zake tumezichemsha mara mbili, nami nimeagizwa na mwenye jiko nitafute sufuria yangu mwenyewe.